Bintiyo akicheza magongo, shule yatosha au aende klabu?

Mpira wa miguu hauna haja ya kuelezwa mjini Kisumu. Hata mama anayeuza omena sokoni Kibuye atakuambia Gor Mahia ilifungwa na nani, dakika ya ngapi, na ni beki yupi aliyelala. Magongo ni jambo jingine. Mchezo huu una mashabiki wachache huku ziwani, lakini wachache hao ni wakaidi ajabu, na wengi wao ni wazazi wa wasichana. Ukiketi nao kando ya uwanja siku ya mashindano ya shule utasikia swali lile lile likipita kutoka mdomo hadi mdomo: je, msichana aliyejaliwa kipaji atosheke na timu ya shule yake, au likizo ikifika aende kucheza na klabu ya ligi?

Nimelisikia swali hili hata nyumbani kwa kaka yangu mkubwa, na huko halikuwa la kupitisha wakati. Lilihusu karo.

Lakini kwanza tuwatazame wenzetu. Huko Uholanzi, nchi ambayo timu zake za wanaume na wanawake zote mbili zilitwaa dhahabu ya magongo katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, mzazi hawezi hata kulielewa swali letu. Mtoto hupelekwa klabuni angali mdogo, hupangwa katika timu ya umri wake, na hupanda mwaka baada ya mwaka hadi afike timu ya watu wazima, yote hayo chini ya jina lile lile la klabu. Mzazi hulipa ada, humpeleka mtoto uwanjani mwisho wa juma, na shule haina neno. Marekani na Canada, kwenye hoki ya barafu, wazazi hugombana kweli kweli. Timu ya shule ina raha ya kucheza ukishangiliwa na wenzako wa darasani. Klabu ina safari nyingi, makocha wa kulipwa, na gharama ya kumtoa mtu jasho juu ya barafu. Huko, mara nyingi klabu ndiyo ya wateule na shule ni ya kila mtu.

Kwetu mambo yamepinduka. Shule ndiyo yenye basi, jikoni, uwanja na mwalimu. Klabu ndiyo inayochangisha nauli.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Reli ilipofika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, nyuma yake walikuja mafundi, makarani na wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, na miongoni mwao walikuwamo watu waliopenda gongo kuliko chakula. Masingasinga na Wagoa walijenga klabu zao katika miji ya Kenya, na watoto wao wakafundishwa mchezo huo huko na katika shule za jamii zao. Humo ndimo ilimotoka timu ya Kenya iliyoshika nafasi ya 6 katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na nafasi ya 4 katika Kombe la Dunia la kwanza mjini Barcelona mwaka 1971. Avtar Singh Sohal, beki ambaye jina lake wazee wa mchezo huu bado hulitaja kwa heshima, alicheza Olimpiki nne, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972.

Kisha wengi wa jamii hizo wakahamia Uingereza na Canada, na klabu zikapungua watu. Mwaka 1976 Olimpiki ya Montreal ilikuwa ya kwanza kuchezea magongo juu ya nyasi bandia. Mwaka huo huo Kenya, pamoja na nchi nyingi za Afrika, iligomea michezo hiyo kwa sababu ya ziara ya timu ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini. Mgomo ulikuwa wa haki, wala simlaumu mtu. Hata hivyo ni ajabu kufikiri kwamba siku dunia ilipohamia kwenye zulia, sisi hatukuwapo kuliona.

Aliyeuokoa mchezo huu huku magharibi ni mwalimu wa shule ya bweni. Taja Friends School Kamusinga, Musingu au St Anthony's Kitale mbele ya kijana yeyote anayejua magongo uone anavyokaa sawa kitini. Kwa wasichana kuna Tigoi kule Vihiga, Nyamira Girls kule Siaya, na hapa petu Kisumu kuna Sinyolo, shule ambayo kwa miaka mingi imezoeza watu kusikia jina lake magongo yanapotajwa. Hata Lakers, klabu ya wanawake ya Kisumu iliyopata kucheza Ligi Kuu na miamba ya Nairobi, imejengwa kwa sehemu kubwa na wasichana waliotoka Sinyolo. Kwa maneno mengine, kwetu shule ndiyo iliyoizaa klabu.

Sasa nirudi kwa kaka yangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, wifi yangu anauza samaki, na binti yao wa pili yuko Kidato cha Tatu katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Ni wa kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4, wale ambao mtihani wao wa KCSE umepangiwa mwaka 2027. Alishika gongo kwa mara ya kwanza akiwa Kidato cha Kwanza kwa sababu foleni ya mpira wa vikapu ilikuwa ndefu. Kufikia Kidato cha Pili alikuwa kiungo wa timu, na shule ikawaita wazazi wake kuwaambia kwamba nusu ya karo yake itaondolewa maadamu anacheza.

Msomaji anayelipa karo anajua uzito wa sentensi hiyo. Kaka yangu, ambaye hadi siku ile aliamini magongo ni vurugu ya wasichana kupigana miundi, alianza kuuliza habari za mechi. Alinunua vikinga vya muundi. Alifika hata uwanjani mara moja, akiwa amevaa suti.

Halafu klabu moja ya mjini ikamwalika msichana kufanya nayo mazoezi wakati wa likizo. Na shule, iliposikia, ikaandika barua. Barua ilikuwa ya adabu: wachezaji wanaosaidiwa karo waombwe kutocheza kwingine bila ruhusa, kwani mchezaji akiumia Desemba, Januari shule itaingia mashindanoni na pengo. Ukiisoma kwa utulivu utaona kwamba mwalimu mkuu naye ana hoja. Amelisha, amesafirisha, amefundisha. Mkulima gani hupenda jirani avune shamba lake?

Ila kuna hesabu ambayo barua ile haikuifanya. Magongo ya shule huchezwa muhula wa kwanza. Mazoezi huanza Januari, kisha huja mashindano ya kaunti ndogo, ya kaunti, ya mkoa wa Nyanza, ya kitaifa, na mwisho, kwa waliofaulu, ya Afrika Mashariki mwezi Agosti, ambayo mwaka 2025 yalifanyika karibu nasi, Kakamega. Kwa bingwa ni safari tamu na ndefu. Lakini huu ni mchujo, na mchujo hauna huruma. Timu inayofungwa katika kaunti ndogo humaliza mwaka wake kwa mechi tatu au nne, nazo huchezwa ndani ya siku mbili, wakati mwingine asubuhi na alasiri. Mwaka jana timu ya mpwa wangu iliishia ngazi ya kaunti. Kuanzia Machi hadi Januari iliyofuata msichana yule alikuwa mchezaji asiye na mechi. Alifanya mazoezi tu, na walipochoka kujigawa wenyewe kwa wenyewe wakarudi kwenye mpira wa vikapu.

Ligi haina mchujo wa namna hiyo. Ukifungwa Jumamosi, Jumapili unacheza tena. Hapo ndipo klabu, pamoja na umaskini wake wote, inapoishinda shule, na nadhani wazazi wengi hawalioni kwa sababu macho yao yako kwenye vikombe vilivyopangwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Vikombe ni vya mmoja. Mechi ni za wote.

Nilikwenda kutazama mazoezi ya klabu Jumamosi moja wakati wa likizo ya Agosti. Hakuna kengele, hakuna zamu, hakuna mwalimu wa kushika orodha. Wachezaji walifika mmoja mmoja, wengine kwa bodaboda, mmoja akiwa na mtoto mgongoni ambaye alikabidhiwa kipa aliyejeruhika. Alikuwapo muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Walikuwapo wanafunzi wa chuo kikuu wawili. Wengi walikuwa na umri wa miaka 20 na kitu, mmoja amepita 30. Mpwa wangu alionekana kama kifaranga katikati ya kuku watu wazima. Kila alipopokea mpira alinyang'anywa, na kila aliponyang'anywa yule mkubwa alimweleza kwa nini, bila kupandisha sauti.

Jioni nilimuuliza kama hakuona haya.

"Waya," akaniita, kama sisi Wajaluo tunavyowaita mashangazi, "shuleni mimi ndiye mkubwa. Hakuna anayeninyang'anya. Nitajifunza nini?"

Sikuwa na jibu, nikamwongezea samaki.

Tofauti nyingine kubwa iko chini ya miguu. Shule zetu nyingi hucheza kwenye nyasi za kawaida, zenye vichuguu na mashimo, na mpira hurukaruka kama panzi. Msichana hujifunza kupiga kwa nguvu na mbali, kwa kuwa pasi fupi haiaminiki, na hujifunza kuulaza gongo chini wote ili kuukamata mpira usimpite. Ni ujuzi wa kweli, tena wa kijasiri. Lakini magongo ya kimataifa ni ya nyasi bandia zinazonyweshwa maji kabla ya mechi ili mpira uteleze. Huko mpira huja upesi na hukaa chini, na mechi huchezwa kwa robo nne za dakika 15, zote kwa kasi ya kukata pumzi. Anayetoka kwenye nyasi za kawaida huona kama mchezo mwingine kabisa. Nairobi uwanja wa City Park uliandaliwa kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, ambako wanaume wetu walitwaa dhahabu na kujipatia nafasi ya kwenda Seoul 1988. Ni kupitia mechi za ligi huko Nairobi kwamba msichana wa klabu kutoka Kisumu hukanyaga zulia. Wa shule anaweza kumaliza miaka minne bila kulikanyaga hata mara moja.

Matokeo yake tunayajua. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham mwaka 2022, wanawake wa Kenya walifungwa na New Zealand mabao 16 kwa 0. Nilikasirika na watu waliocheka. Wasichana wale walikuwa hodari, tena wengi wa wachezaji wa aina yao wametokea katika shule nilizozitaja. Walikutana na watu waliolala na kuamka kwenye zulia tangu utotoni, wakicheza wiki baada ya wiki.

Hata hivyo nisiipake klabu rangi ya dhahabu. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kama kilomita 350, na klabu nyingi za wanawake ziko huko. Timu ya Kisumu husafiri usiku, hucheza Jumamosi na Jumapili ili nauli ilipe mara mbili, kisha hurudi usiku ili watu wawahi kazi Jumatatu. Si mara moja klabu za nje ya Nairobi zimekosa kufika uwanjani na kupoteza pointi kwa sababu basi halikupatikana. Na mdhamini ni kama mvua ya vuli, huja anapotaka. Hata wale malkia wa Telkom, waliotwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara nyingi kuliko ambavyo wengi wetu tunakumbuka, walifika siku ambayo kampuni iliondoa mkono, wakalazimika kuendelea kwa jina jipya la Blazers. Ikiwa hayo yaliwapata wao, klabu ya huku ziwani iseme nini?

Na goti je? Niliwauliza watu wa shule ni nani hulipa goti la mchezaji likiteguka. Niliwauliza watu wa klabu vile vile. Pande zote mbili zilitazama chini. Mzazi ndiye hulipa, na hilo ni vyema alijue mapema, kabla ya kusaini chochote.

Kikao cha familia kilifanyika Jumapili baada ya kanisa. Kaka yangu alizungumza kwanza, kama ilivyo desturi, na alizungumza kwa muda mrefu. Alisema nusu ya karo ni nusu ya karo. Alisema gongo halijawahi kumpa mtu wa ukoo wetu kazi. Alisema KCSE haiulizi mtu alifunga mabao mangapi. Wifi yangu hakubishana. Alichomoa tu picha ya timu ya shule ya miaka miwili iliyopita iliyokuwa ukutani, akampa binti yake, akamwambia, "Mweleze baba yako hawa wako wapi."

Msichana akaanza kuonyesha kwa kidole. Huyu yuko kwenye duka la M-Pesa Kondele. Huyu ameolewa Bondo. Huyu yuko chuo cha ualimu. Huyu hajulikani. Huyu alikuwa bora kuliko wote, sasa anamsaidia mama yake kukaanga samaki Dunga, na gongo lake aliliuza. Katika picha walikuwa 16. Wanaocheza bado ni watatu, na wote watatu wako klabuni. Mmoja kati yao chuo kikuu kilimpokea na kumpunguzia ada baada ya kumwona akicheza ligi.

Chumba kilikuwa kimya kidogo. Hapa nitasema ninavyoona mimi, na kaka yangu anaruhusiwa kununua gazeti na kukasirika. Shule zetu zinafanya kazi nzuri mno ya kuwaanzisha wasichana hawa, kazi ambayo Uholanzi hufanywa na klabu zenye fedha. Tatizo ni kwamba ngazi ya shule ina vipandio vinne tu, na cha nne kikiisha mtoto anakanyaga hewa. Klabu ndiyo pekee iliyosimama pale hewani ikiwa imenyoosha mkono, hata kama mkono wenyewe ni mwembamba. Kumzuia msichana wa Kidato cha Tatu kuijua klabu hadi amalize shule ni kumtaka aanze kutafuta mlango gizani. Akimaliza Novemba, kufikia Machi ameshapata kazi ya dukani au ameshapata mchumba, na hakuna atakayekumbuka kumpigia simu.

Serikali inasema mambo yatabadilika. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu Januari 2026, na mmojawapo wa mikondo mitatu wanayoweza kuchagua ni ule wa sanaa na sayansi ya michezo. Ni habari njema kwa mtoto mdogo wa kaka yangu, ambaye kwa bahati mbaya hapendi kukimbia. Kwa dada yake umekuja kwa kuchelewa.

Tulichoamua kilikuwa cha kawaida sana. Kaka yangu alikwenda shuleni, akiwa na ile suti, akaomba ruhusa kwa maandishi. Mwalimu mkuu akakubali mazoezi ya likizo na mechi zinazochezwa hapa Kisumu, kwa sharti kwamba kuanzia Desemba msichana awe wa shule peke yake hadi mashindano yaishe. Klabu ikanung'unika kidogo, ikakubali. Katika mwaka wa mtihani, muhula wa kwanza ukipita, gongo litawekwa juu ya kabati la wazazi. Sharti hilo la mwisho alilitoa msichana mwenyewe, jambo lililomshangaza baba yake kuliko yote.

Tangu hapo amecheza mechi mbili za ligi, zote akitokea benchi. Katika ya pili alisababisha kona ya adhabu upande wetu na tukafungwa, akaja kukaa karibu nami akiwa na matope hadi masikioni, akanieleza kwa nusu saa nzima alipaswa kusimama wapi. Shuleni hakuwahi kunieleza jambo kama hilo.

Limebaki suala la Nairobi. Klabu ina mechi mbili huko mwisho wa likizo, na kocha angependa amchukue hata kama ni kwa dakika kumi, ili akanyage zulia. Ruhusa ya shule haifiki huko, kwa hiyo itabidi suti ivaliwe tena. Kaka yangu amesema ataiona nauli. Wifi yangu bado hajasema ndiyo. Anataka kwanza aambiwe wasichana hulala wapi, na ni nani mtu mzima anayelala karibu na mlango.